Wingu la Hangzhou na Mteja Wake wa Kwanza

Mwaka 2012, kwenye mkutano wa mwaka wa wafanyakazi wa Aliyun, huduma ya wingu ya Alibaba, kampuni ya China ya biashara ya mtandaoni, kiongozi wao alipanda jukwaani kuhutubia, maneno yakamkwama kooni, akalia mbele ya watu wake. Huyo alikuwa Wang Jian. Kwa miaka mitatu alikuwa ametumia fedha nyingi za Alibaba bila kuonyesha faida. Wahandisi wake wengi walikuwa wamefungasha virago, na ndani ya kampuni mama wapo waliomwita laghai waziwazi. Walisema mtu aliyesomea saikolojia amemrubuni Jack Ma, mwanzilishi wa Alibaba, kwa jambo ambalo hata yeye halijui. Wang alisema jukwaani kwamba katika muda huo alikuwa amelaumiwa kuliko maisha yake yote yaliyotangulia, na kwamba hajutii.

Naanza na machozi hayo kwa makusudi. Huku kwetu, habari ya kampuni kubwa za teknolojia za China husimuliwa kwa sentensi moja: serikali ilimwaga fedha, kampuni zikachipuka. Kwa Aliyun, sentensi hiyo inaficha karibu kila kitu chenye maana. Serikali imo ndani ya simulizi hili, na nitaifikia, lakini ilikuja baadaye, na ilipokuja ilibana kama ilivyosaidia. Kilichoilea kampuni hii ni mteja. Alikuwa mteja mwenye shida ya kweli, mwenye hasira, asiye na pa kukimbilia, tena anayeishi nyumba moja na muuzaji.

Kwa asiyezifahamu huduma hizi, wingu si kitu cha angani. Ni kompyuta za mwenzio, zimepangwa maelfu kwa maelfu kwenye jengo lenye umeme wa uhakika na mitambo ya kupooza, nawe unapanga nafasi humo kama mfanyabiashara anavyopanga fremu Kariakoo. Tofauti ni namna ya kulipa. Wang Jian amekuwa akifananisha uwezo wa kompyuta na umeme: hakuna haja ya kila kiwanda kuwa na jenereta yake, unavuta waya na kulipia ulichotumia. Mtanzania hahitaji kufafanuliwa zaidi, maana jina lenyewe tunalo kwenye mita za ukutani: LUKU, lipa umeme kadiri utumiavyo.

Sasa turudi Hangzhou, mji yaliko makao ya Alibaba, mwaka 2008. Taobao, soko la mtandaoni la Alibaba, lilikuwa limetimiza miaka mitano na lilikuwa likikua kwa kasi iliyowatisha hata wenyewe. Alipay, huduma yake ya malipo, nayo ilikuwa ikikimbia nyuma yake. Vyote viwili vilisimama juu ya mashine kubwa za IBM, kanzidata za Oracle na hifadhi za EMC. Ndivyo benki kubwa za dunia zilivyofanya, na kwa benki hesabu ilikubali, kwa kuwa benki ina wateja wachache wenye fedha nyingi. Taobao ilikuwa na wateja wengi mno wenye miamala midogo midogo: soksi, vifuniko vya simu, vitabu vya mtoto. Kila wateja walipoongezeka, bili ya mashine na leseni iliongezeka nao, na wakubwa wa Alibaba walianza kuona siku ambapo mapato yote yangemezwa na gharama za kuendesha mitambo.

Hapo ndipo Wang Jian alipoletwa kutoka maabara ya utafiti ya Microsoft jijini Beijing, akapewa cheo cha msanifu mkuu. Jibu lake lilikuwa la kijeuri: tuache kununua mashine hizo, tuunganishe kompyuta za kawaida kwa maelfu, na mfumo wa kuziongoza tuuandike wenyewe kuanzia mstari wa kwanza. Mfumo huo uliitwa Feitian, jina la viumbe wanaoruka angani kwenye michoro ya mapango ya Dunhuang. Uandishi ulianza Februari 2009 jijini Beijing, mara tu baada ya sikukuu za mwaka mpya wa Kichina, na Septemba mwaka huohuo kampuni ya Aliyun ikazinduliwa rasmi, Alibaba ikitimiza miaka kumi.

Wenzao hawakuamini. Machi 2010, wakuu watatu wa intaneti ya China walikaa kwenye jukwaa moja mjini Shenzhen. Robin Li wa Baidu alisema habari za wingu ni mvinyo wa zamani kwenye chupa mpya. Pony Ma wa Tencent alikiri kwamba wazo lina mvuto, lakini akaliweka mbali sana, miaka mamia au hata elfu. Jack Ma, ambaye kati ya hao watatu ndiye pekee asiyejua kuandika programu, alisema hofu yake ni kinyume: Alibaba isipofanya kazi hii, itakufa. Ninavyoona, aliyaona mambo vizuri kuliko wenzake kwa sababu ni yeye aliyekuwa akipokea bili. Kampuni ya utafutaji na kampuni ya michezo na gumzo hazikuwa zimebanwa kooni namna ile.

Mteja wa kwanza wa Feitian alitoka humo humo ndani: kitengo cha mikopo midogo kwa wauzaji wa Taobao. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua biashara hiyo kwa sura nyingine. M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, ilifanya jambo linalofanana nayo, kumpima mkopaji kwa mienendo yake ya simu badala ya hati ya kiwanja. Kule China upimaji huo ulihitaji kuchambua rekodi za mauzo za wafanyabiashara wengi kila siku, na kazi ilipaswa kukamilika kabla ya kesho yake, la sivyo hakuna mkopo unaotoka. Feitian ilikuwa ikianguka ovyo. Wahandisi wa mikopo waliilalamikia, wakailaani, wakaamka usiku kuikwamua. Lakini hawakuruhusiwa kuondoka, na mfumo ukakomaa kwa kupigwa na kazi halisi kila siku.

Jambo hili ndilo ninalotaka lishike mizizi kichwani mwa msomaji kabla hatujaendelea. Mteja wa kawaida angeondoka baada ya wiki mbili. Hakuna kampuni changa ya wingu inayoweza kumshikilia mteja asiyelala kwa sababu yake. Alibaba ilimfunga mteja wake wa kwanza kwenye nguzo kwa sababu mteja alikuwa yeye mwenyewe, na Jack Ma aliahidi kuweka yuani bilioni 1 kila mwaka kwa miaka kumi: yasipopatikana mafanikio, alisema, tutazungumza baadaye.

Mei 2013 Alipay ilizima mashine yake ya mwisho ya IBM. Agosti mwaka huo Feitian iliweza kuongoza seva 5,000 kama kundi moja, kizingiti ambacho kampuni chache duniani zilikuwa zimekivuka. Wang Jian, yule laghai wa mwaka juzi, baadaye alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Uhandisi ya China, mwaka 2019.

Kilichofuata ndicho watu wengi wanakifahamu. Tarehe 11 Novemba, siku ya makapera, Alibaba imeigeuza kuwa siku ya manunuzi tangu 2009. Mwaka huo wa kwanza, kilele chake kilikuwa oda 400 kwa sekunde. Mwaka 2020 kilele kilifika oda 583,000 kwa sekunde. Huwezi kununua mashine za kubeba mzigo wa sekunde hizo halafu zikae bure mwaka mzima, ni lazima uwe na mfumo unaotanuka na kusinyaa. Na mfumo ukishakuwa nao, siku nyingine zilizobaki una nafasi tele ya kupangisha. Hapo ndipo biashara ilipozaliwa.

Kipimo kikubwa zaidi kutoka nje kilikuja na tiketi za treni. Kila mwaka mpya wa Kichina mamia ya mamilioni ya watu hurudi makwao, na tovuti ya shirika la reli, 12306, ilikuwa ikizimia kila msimu kiasi cha kuwa chukizo la taifa. Kwa msimu wa 2015, asilimia 75 ya maswali ya kuangalia nafasi zilizobaki yalihamishiwa kwenye mitambo ya Aliyun. Maswali hayo ndiyo yaliyokuwa yakiiua tovuti: mtu mmoja anunuaye tiketi moja huwa amebonyeza kuangalia mara kadhaa, tena pamoja na ndugu zake wote. Treni zikapata watu, tovuti ikapumua, na kila mkurugenzi wa kampuni ya China akawa na jibu la swali kama Aliyun inaaminika.

Mapato yanasimulia vizuri. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015, wingu liliingiza yuani bilioni 1.27. Miaka sita baadaye, Machi 2021, liliingiza bilioni 60.1. Kwa miaka kadhaa kati ya hapo lilikuwa likiongezeka maradufu kila mwaka. Robo ya mwisho ya 2020 ndipo lilipopata faida kwa mara ya kwanza, kwa hesabu zilizorekebishwa: yuani milioni 24. Kwa kampuni ya ukubwa ule ni chenji, lakini ilichukua miaka kumi na moja kuipata.

Kuna ukuta uliosaidia, na si haki kuuficha. Amazon na Microsoft haziwezi kuuza wingu China bara kwa majina yao moja kwa moja, zinalazimika kupitia kampuni za wenyeji zenye leseni. Mwaka 2017 Amazon ilibidi iiuzie kampuni mshirika yake ya Beijing mitambo yake ya huko. Kwa hiyo Aliyun ilikulia uwanja ambao mabingwa wa dunia walicheza wakiwa wamefungwa mguu mmoja. Lakini ukuta huohuo uliwakinga pia Baidu na Tencent, na hao walikuwa wakisubiri miaka mamia. Kinga bila bili ya kukutisha huzaa uvivu. Nimeona mifano ya kutosha nyumbani kuliamini hilo bila kuhitaji ya China.

Kisha ukaja mwaka ambao mambo yaligeuka. Novemba 2020 serikali ilisimamisha uuzaji wa hisa za Ant, kampuni dada ya malipo, zikiwa zimebaki siku mbili. Aprili 2021 Alibaba ikapigwa faini ya yuani bilioni 18.2 kwa kuhodhi soko. Faini yenyewe ilimezeka. Kilicholiumiza wingu ni kwamba msako huo uliwakumba wateja wake. Julai 2021 biashara ya masomo ya ziada ilipigwa marufuku kuendeshwa kwa faida, na kampuni zilizokuwa zikipangisha seva kwa maelfu kurusha vipindi vya watoto zikafunga ndani ya miezi. Michezo ya mtandaoni ikabanwa. Mteja mmoja mkubwa wa intaneti, kwa maelezo ya Alibaba yenyewe, akaacha kutumia wingu lake kwa biashara za nje ya China. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2023, ukuaji ulikuwa umeshuka hadi asilimia 4.

Lakini kisa kinachonifundisha zaidi kuhusu kipindi hicho hakina fedha ndani yake. Novemba 2021 mhandisi wa usalama wa Aliyun aligundua tundu baya ndani ya Log4j, kipande cha programu huria kilichotumika kwenye mifumo isiyohesabika duniani. Alifanya kile ambacho desturi ya fani inamtaka mhandisi mwema afanye: tarehe 24 aliwaandikia kimyakimya wasimamizi wa programu hiyo, shirika la Apache, wapate muda wa kuziba kabla wezi hawajajua. Desemba habari ikalipuka na dunia nzima ikakesha ikiziba. Kabla ya Krismasi, wizara ya viwanda na teknolojia ya China ikatangaza kusimamisha ushirikiano wake na Aliyun kwenye jukwaa la usalama wa mtandao kwa miezi sita. Kosa? Haikuiambia wizara mapema. Kanuni zilizoanza Septemba mwaka huo zilitaka tundu la aina hiyo liripotiwe serikalini ndani ya siku mbili.

Itazame kwa jicho la mteja aliyeko Jakarta, Riyadh au Nairobi. Mhandisi yule aliulinda mtandao wa kila mtu, wa kwangu na wako pia, na kampuni yake ikaadhibiwa kwa kutotanguliza dola. Kuanzia hapo, mteja wa nje anayeuliza "nikiweka vitu vyangu kwenu, nani mwingine atajua udhaifu wa nyumba kabla yangu?" ana sababu ya kuuliza. Wahandisi wa Aliyun ni hodari na waadilifu, kisa chenyewe ndicho shahidi wao. Shaka ya mteja inaangukia sheria zilizo juu yao, na sheria hizo hakuna mhandisi anayeweza kuziandika upya.

Wamarekani nao wana la kujibu. Sheria yao ya 2018, iitwayo CLOUD Act, inaziruhusu mahakama kuitaka kampuni ya Marekani itoe data za mteja hata zikiwa zimehifadhiwa ng'ambo. Tofauti iliyopo ni kwamba Microsoft inaweza kuishtaki serikali yake na kushinda, na imewahi kujaribu. Tofauti hiyo ni kubwa, naiheshimu, ingawa kwa raia wa Tabora ambaye si Mmarekani wala Mchina haimpi utulivu wa kulala.

Hitilafu nazo zikaja. Tarehe 18 Desemba 2022, mitambo ya kupooza ya kituo kimoja cha Hong Kong iligoma, joto likapanda mpaka vinyunyizo vya kuzimia moto vikafunguka na kumwaga maji juu ya mashine. Huduma zilikatika kwa saa nyingi, kampuni ikaomba radhi na kukiri kwamba ilikuwa hitilafu kubwa na ndefu kuliko zote kwa zaidi ya miaka kumi. Siku chache baadaye mkuu wa Alibaba, Daniel Zhang, akalishika wingu mwenyewe. Mei 2023 akatangaza kwamba litatengwa kuwa kampuni huru na kuuza hisa zake. Septemba akajiuzulu. Novemba mpango wote ukafutwa, na hisa za Alibaba zikashuka karibu asilimia 9 siku hiyo.

Sababu iliyotolewa ilikuwa chipu. Oktoba 2022, na tena Oktoba 2023, Marekani ilizuia kuuzwa China kwa chipu za Nvidia zinazofundishia akili unde. Wingu bila chipu hizo ni sawa na kinu bila mchi. Alibaba ina chipu zake, tangu Hanguang 800 ya 2019 na Yitian 710 ya 2021, lakini kuziunda ni jambo moja na kupata kiwanda cha kuzitengeneza kwa wingi ni jambo jingine, kwani viwanda bora navyo viko chini ya vizuizi vilevile.

Wengi wetu tulidhani hapo ndipo mwisho wa ukuaji. Nakiri nilikuwa mmoja wao, na nilikosea, kwa sababu nilitazama chipu nikamsahau mteja.

Eddie Wu, mmoja wa waanzilishi 18 wa Alibaba wa mwaka 1999, alipochukua uongozi Septemba 2023 alirudi kwenye mbinu ya mwanzo. Februari 2024 alishusha bei za huduma zaidi ya mia moja, nyingine kwa hadi asilimia 55. Mei mwaka huo akashusha bei ya modeli mojawapo ya lugha, yaani programu ya akili unde iliyofunzwa kusoma na kuandika, kwa asilimia 97. Na modeli zenyewe, zinazoitwa Qwen, zilikuwa tayari zimeanza kutolewa bure tangu Agosti 2023: yeyote anazipakua, anaziendesha kwenye mashine yake, anazifunza upya kwa kazi yake. Februari 2025 ikatangazwa kwamba yuani bilioni 380 zitawekwa kwenye wingu na akili unde kwa miaka mitatu, zaidi ya jumla ya yote yaliyowekwa huko kwa miaka kumi iliyopita. Robo iliyoishia Septemba 2025, mapato ya wingu yalikuwa yuani bilioni 39.8, ongezeko la asilimia 34.

Kwa nini mtu atoe bure kitu kilichomgharimu mabilioni? Jibu liko kwenye LUKU. Ukigawa pasi, friji na feni bure mtaa mzima, mita zitazunguka. Modeli inayopakuliwa bure huanza kwenye kompyuta ya kijana mmoja, kisha inaingia kwenye programu yake, kisha programu inapata watumiaji laki moja, na siku hiyo kijana anahitaji seva. Sehemu ya hao watapangisha kwa aliyeitengeneza modeli, kwa kuwa huko inakimbia vizuri na kwa bei nafuu. Alibaba inauza umeme. Vyombo imevigeuza kuwa tangazo.

Hapa ndipo jambo linapogusa lugha hii ninayoandikia. Qwen3, iliyotoka Aprili 2025, ilitangazwa kuwa na lugha na lahaja 119, na Kiswahili kimo kwenye orodha. Kampala, shirika la Sunbird AI liliichukua Qwen likajenga juu yake modeli zake za Sunflower kwa ajili ya lugha za Uganda. Hakuna aliyeomba kibali Hangzhou. Hakuna waziri aliyesafiri kwenda kutia saini. Katika miaka yote ambayo kampuni za China zimeuza teknolojia Afrika Mashariki, sijui mlango mwingine uliofunguka kwa utulivu namna hiyo.

Ulinganishe na mlango tuliouzoea. Kituo cha taifa cha data cha Kijitonyama, Dar es Salaam, kilijengwa na Huawei. Kile cha Konza, Kenya, vilevile, kwa mkopo wa China. Huawei ilifungua wingu lake Johannesburg mwaka 2019 na Cairo mwaka 2024, na kwa Afrika iko mbele sana ya Alibaba, ambayo bara hili imeligusa hasa kupitia ushirikiano na kampuni ya BCX ya Afrika Kusini. Huawei inaujua mlango wa serikali: mkopo, jengo, nyaya, utepe wa kukata. Alibaba haijawahi kuumudu mlango huo, na nadhani sasa imeacha kuuhangaikia.

Kati ya yote, linalonikera zaidi ni la M-Pesa. Ilianza Kenya Machi 2007, kabla hata Feitian haijaandikwa mstari mmoja. Kama kuna mahali duniani palipokuwa na kitu kinachofanana na Taobao, yaani miamala midogo isiyohesabika, watu wasio na pa kwenda mfumo ukianguka, gharama zinazopanda na kila mteja mpya, ni hapa kwetu. Tulikuwa na mteja wa kwanza. Tulikuwa na mzigo. Tulikuwa hata na hasira: nani asiyekumbuka mwisho wa mwezi ambao fedha haitumiki wala haipokelewi? Seva za M-Pesa zilikaa Ujerumani kwa miaka. Mwaka 2015 zililetwa Kenya, na jukwaa jipya lililowekwa juu yake lilikuwa la Huawei.

Huduma ilikuwa bora baada ya hapo, siibezi. Lakini miaka ile minane, ambayo kule Hangzhou wahandisi walitukanana, wakakimbiana na kulia jukwaani mpaka wakajua kujenga, huku mzigo wetu uliwafundisha kazi wahandisi wa watu wengine. Vijana wa Nairobi na Dar wakabaki kuunganisha programu zao kwenye ukingo wa mfumo wasiouona ndani. Walikuwa na uwezo. Palikosekana mtu mwenye mfuko na ubishi wa Jack Ma wa kuwaambia: bilioni moja kila mwaka, miaka kumi, anzeni.

Sasa mzigo wa pili unakuja, wa akili unde inayosema Kiswahili: hospitali itakayotaka kuandika maelezo ya mgonjwa, benki itakayotaka kumjibu mteja wa Mtwara kwa lugha yake, mwalimu wa Bujumbura atakayetaka mazoezi ya darasa. Modeli ya kuanzia ipo, ni ya bure, na inaweza kufundishwa na watu wetu ndani ya majengo yetu. Kinachokosekana ni mashine za kuiendeshea watumiaji wakiwa laki moja. Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi walitangaza Mei 2024 kituo cha dola bilioni 1 huko Olkaria, Kenya, penye umeme wa mvuke. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, Kenya ya 2019, na zote mbili zinatazama kwa makini data inapovuka mpaka.

Alibaba haina kituo Afrika Mashariki. Kijana wa Dar atakayepangisha seva zake leo, na atakayetaka za jirani kwa upande wa kaskazini, anaweza kuchagua Dubai. Sauti ya mgonjwa wa Muhimbili itapita kwenye nyaya za chini ya bahari, zilezile ambazo Mei 2024 zilikatika na kutuacha gizani kwa siku kadhaa, itafika kwenye jengo la jangwani, itageuzwa maandishi ya Kiswahili na modeli iliyofunzwa China, na kurudi Upanga kabla daktari hajanyanyua kalamu. Bili itakuja mwisho wa mwezi, kwa dola, kadiri alivyotumia.